Kodi Iliyosamehewa

Mume wangu alinunua pikipiki kwa akili ya kununua ng'ombe, na hapo ndipo mambo yetu yalipoharibika. Simcheki. Kama ningekuwa mimi pale mnadani ningefanya vilevile, na majirani zetu wote wa njia hii ya Mabamba wangefanya vilevile, ingawa baadaye kila mmoja alijifanya mwanasheria.

Alikuwa mlinzi wa shirika moja lililohudumia wakimbizi kambini, hapa wilayani Kibondo. Alikaa kwenye lile geti mpaka mvi zikamkuta. Ndani ya uzio kulikuwa na pikipiki kadhaa, na moja alikuwa ameifanya mwanawe. Aliiosha, aliiwasha asubuhi ipate moto kabla maofisa hawajatoka, na ndiyo aliyojifunzia kuendesha, akizunguka humohumo ndani ya uzio. Akirudi nyumbani, habari ni hiyohiyo. Leo imebadilishwa mnyororo, leo ofisa mmoja kaitumbukiza mtaroni, hana adabu. Nilikuwa nikimwambia, "Baba watoto, ungeniangalia mimi hivyo ningekuwa nimenenepa." Anacheka, anaendelea na habari zake za mnyororo.

Wakimbizi wakaanza kurudi kwao Burundi, fedha za wafadhili zikakatika, shirika likatangaza kufunga. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na nieleze kwa nini. Kwetu Buha, mwanamume akikosa kazi, macho yake yanageukia Tabora, kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua. Baba yangu mzazi alikwenda huko nikiwa sijaanza shule. Alisema msimu mmoja. Mama alimngoja mpaka tukamzika mama, naye baba tulisikia tu kwamba ana watoto wengine huko, watu wazima sasa, wenye sura zetu. Kwa hiyo nilipochumbiwa sikuuliza habari za mashamba wala za mifugo. Nilimwambia mchumba wangu jambo moja tu: tumbaku usiende. Aliniapia, na miaka yote ya lile geti alishika kiapo chake.

Ndiyo maana tangazo la mnada lilipobandikwa, mimi ndiye niliyesema tuuze ng'ombe. Tulikuwa na wawili, na mimi nilikuwa na mtaji wangu wa mawese, ambayo nayafuata Kasulu na kuyauza sokoni Kibondo. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Pikipiki ingebeba abiria, ingebeba madumu yangu, na mume wangu angelala nyumbani kwake. Zaidi ya hapo sikuwa na tamaa yoyote, Mungu ni shahidi.

Sasa, mtu wa huku anaujua mnada mmoja tu, mnada wa mifugo. Mnapatana bei, unalipa, unakwenda kwenye meza ya ushuru unalipa ushuru, unapewa risiti, unamswaga mnyama wako kwenda nyumbani. Ukishatoka pale na risiti, serikali haina neno tena na wewe. Na jambo lingine: kwetu ukiuza ng'ombe, kamba huuzi. Muuzaji anaifungua kamba yake shingoni mwa mnyama anarudi nayo, na mnunuzi analeta ya kwake.

Mnada wa shirika ulikwenda hivyohivyo. Dalali alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kodi na ushuru wote ni juu ya mnunuzi, kama madalali wote wanavyotangaza. Mume wangu akapandisha bei, wenzake wakachoka, akaipata. Palikuwa na meza, akaambiwa kuna ada ya mnada, akalipa, akapewa risiti. Kisha akaja mtu na bisibisi, akafungua namba za shirika mbele na nyuma, akaondoka nazo. Mume wangu alipofika nyumbani, vumbi mpaka kwenye kope, mama mkwe alimuuliza mbona mashine haina namba. "Wamechukua kamba yao, mama," akajibu. Sisi sote tuliliona jibu hilo kuwa sawa kabisa.

Ile siku tulifurahi, sitaki kudanganya. Watu walikuja kutupongeza kama wanavyokuja ng'ombe mgeni anapoingia bomani. Pombe ya ndizi ilikuwepo. Mama mkwe, ambaye miguu yake ilikuwa imeshamchosha, alinyanyuka akaisifu ile pikipiki kwa Kiha, kama inavyosifiwa inka, yaani ng'ombe, akazisifu pembe zake akishika usukani, akasifu ngozi yake nyekundu, na watu wakapiga makofi wakiitikia. Mume wangu alisimama pembeni anatabasamu na kujifuta macho. Sijamwona tena na uso ule.

Juma lililofuata alikwenda Kibondo mjini kuomba namba. Nilikwenda naye kwa sababu nilikuwa na madumu ya kupeleka sokoni. Ofisa wa kodi alikuwa mama mmoja mpole, na nasema mpole makusudi, kwa sababu nimetafuta sana mtu wa kumchukia katika habari hii na sikumpata. Aliangalia karatasi za mnada, akaangalia kwenye kompyuta yake, akavua miwani.

"Mzee, pikipiki hii iliingia nchini kwa msamaha wa kodi," akasema. "Shirika halikulipa ushuru wa forodha, wala kodi ya ongezeko la thamani, wala chochote. Sasa imetoka mikononi mwa shirika, imekuja kwako. Wewe huna msamaha. Kwa hiyo zile kodi zote unalipa wewe, ndipo uje kwenye usajili."

"Ushuru nimelipa," mume wangu akasema, akatoa risiti yake ya mnada, aliyoikunja ndani ya mfuko wa kitambulisho.

"Hiyo ni ada ya dalali, mzee wangu."

"Sasa kodi ikishasamehewa inafufukaje?"

"Haikusamehewa pikipiki, mzee. Lilisamehewa shirika."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi nikiwa peke yangu nachuja mawese. Lina haki yake. Nikiliangalia kwa upande wa serikali naliona limenyooka kabisa. Lakini siku ile nilimwona mume wangu akiikunja tena ile risiti taratibu, mara mbili, mara tatu, na nikajua hakusikia kilichosemwa baada ya hapo.

Kilichosemwa baada ya hapo ndicho kilichotuua. Kodi haikukokotolewa kwa bei tuliyonunulia. Wao wana thamani yao, inayotoka kwenye mtambo wao, na kwa thamani hiyo pikipiki yetu ilikuwa bado mali ya matajiri. Kodi ikazidi bei ya mnada. Na juu yake kulikuwa na ada ya usajili, ada ya vibao vya namba, ukaguzi wa polisi, bima, leseni ya udereva na leseni ya kubeba abiria. Siku ileile ya mnada wapo wengine walionunua, lakini walikuwa wafanyabiashara wa mjini waliojua mambo, wakapiga hesabu ya kodi kabla ya kupandisha bei. Sasa tukaelewa kwa nini walituachia kirahisi. Cha rahisi ni ghali, wahenga hawakukosea, ila wangetuambia mapema kidogo.

Tulizungushwa, ingawa sidhani kama aliyetuzungusha alikusudia. Kibondo wakasema twende forodha ya mpakani Mabamba tukaulize karatasi za kuingilia. Mabamba wakasema pikipiki haikupita kwao, ilipitia bandarini, twende Kasulu. Kasulu wakataka barua ya shirika. Shirika lilikuwa limefungwa. Tulikwenda kwenye lile geti, geti lake mwenyewe, tukakuta limefungwa kwa mnyororo na mbuzi wanakula nyasi ndani. Barua ilipatikana mwishowe kwa kupitia kwa ofisa mmoja wa zamani aliyehamia kwingine, na mpaka ifike, nauli zilikuwa zimekula faida yangu yote ya mawese.

Mume wangu alijaribu kuiendesha hivyohivyo kwenye njia za vijijini. Alibeba abiria siku chache, kisha trafiki wakamkamata njia panda, pikipiki bila namba, bila bima, bila chochote. Alilipa faini, wakamwonea huruma hawakuizuia, lakini wakamwambia wakiiona tena barabarani inakwenda kituoni na haitatoka. Akaisukuma mpaka nyumbani. Tukaiingiza sebuleni, nikaifunika kwa kitenge changu, na pale ikakaa. Wageni walikaa wakiipa mgongo kwa adabu.

Wasiokuwa na adabu ndio waliokuwa wengi. "Shemeji, ng'ombe wenu anakamuliwa saa ngapi?" Mwingine akipita ananiimbia kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Mimi mdomo sikuumbiwa wa kutulia, nilikuwa nawajibu, na kuna jirani mmoja mpaka leo tunapishana njiani bila salamu. Lakini mume wangu hakujibu. Alikaa sebuleni akiifuta vumbi ile mashine ambayo haikuwa imekwenda popote. Nilimlaumu, nikamwonea huruma, nikamlaumu tena. Mwanamume aliyekuwa anazungumza mnyororo kutwa nzima akawa hazungumzi kitu.

Siku moja tukiwa tunapukuchua mahindi uani, akasema bila kunitazama, "Mama watoto, kuna gari la watu linakwenda Urambo."

Nilijua. Nilikuwa nimelijua neno hilo tangu pale ofisini alipokunja risiti. Hata hivyo nilisimama, mahindi yakamwagika.

"Uliniapia."

"Ego, niliapa. Na ng'ombe tumeuza. Unataka nikae hapa nikiitazama mpaka nife? Msimu mmoja tu. Nikipata kodi narudi, naiwekea namba, sitoki tena."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikahamia Kiha, Kiswahili kiliponiishia. Kisha nikamfungia nguo zake. Baba yangu naye alisema msimu mmoja, na mama naye alimfungia nguo, sijui sisi wanawake tumerogwa na nani.

Msimu wa kwanza alikuwa akipiga simu kila wiki. Swali la kwanza lilikuwa pikipiki. Umeiwasha? Usiache betri ife. Tairi zimeinuliwa? Nami nilikuwa naiwasha pale sebuleni, milango wazi, nyumba inajaa moshi, simu nimeiweka karibu na injini ili asikie. Watoto walicheka sana. Baada ya hapo ndipo alipouliza wao wanaendeleaje. Tumbaku ikauzwa, makato yakawa mengi kuliko alivyoambiwa, akatuma alichopata, hakikufika hata nusu. Akasema ataunganisha msimu wa pili, maana kurudi na kwenda tena ni kula nauli bure. Nilikubali kwa sababu hesabu ilikuwa ya kweli. Kila hatua ya habari hii ilikuwa na hesabu ya kweli, ndiyo maana nimeshindwa kumlaumu mtu.

Msimu wa pili simu zikapungua. Hela ilikuja, sitamsingizia, lakini maneno yakawa machache, salamu na kwaheri. Kisha siku moja nikagundua tumemaliza kuzungumza na hajauliza habari za pikipiki. Nilikaa na ile simu mkononi nikisubiri apige tena aseme amesahau.

Aliyeniambia ni mtu wa kijijini kwetu aliyerudi kutoka Urambo akiumwa. Nilikwenda kumwona, nikampelekea uji. Akazungukazunguka, mwisho akasema, "Dada, mimi si mchonganishi. Lakini yule mtu ana mji kule. Ana mwanamke, na mwanamke ana mimba."

Nilirudi nyumbani nikaivua ile pikipiki kitenge changu na nikaipiga teke. Nikavunja ukucha. Nikakaa chini sakafuni, damu inatoka, ninalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na mama mkwe akaja akakaa pembeni yangu bila kuuliza. Mwanawe ndiye aliyetenda, na mimi ndiye niliyekuwa nampikia yeye.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuacha. Nami najiuliza. Lakini kichwani mwangu jambo lilikuwa limejipanga hivi: alikwenda kwa ajili ya kodi, basi kodi ikiisha, sababu imeisha. Mwanamke wa kule amempata mtu anayetafuta kodi ya pikipiki. Pikipiki ikipata namba, yule mtu atarudi kuwa mume wangu. Nilishikilia wazo hilo kama kipofu anavyoshika fimbo. Nikauza mawese mpaka mgongo ukapinda, nikaongeza sabuni, nikaongeza dagaa. Nilichokuwa nacho nikakijumlisha na hela aliyotuma mara ya mwisho, nikaenda Kasulu, nikapewa namba ya malipo, nikalipa benki. Kodi yote iliyosamehewa shirika ikalipwa na muuza mawese. Ofisa aliniambia, "Hongera mama, sasa imebaki usajili." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Usajili ulimtaka mwenyewe. Karatasi za mnada zilikuwa kwa jina lake, kitambulisho ni chake, vidole ni vyake. Nikampigia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini alisema tu, "Nitakuja. Tukutane Kasulu, ndipo basi la Tabora linapofikia."

Nilisuka nywele. Nilivaa gauni jipya. Pikipiki niliipakia kwenye lori la mahindi, nikakaa nayo nyuma nimeishikilia njia nzima, lami na vumbi, nikipanga maneno. Nilipanga nisimtaje yule mwanamke hata kidogo. Akiiona ina namba, nilijiambia, akiisikia injini, atabaki. Tutapanda wote wawili turudi Kibondo, na madumu yangu ya mawese nyuma.

Alishuka kwenye basi amekonda, amevaa viatu nisivyovijua. "Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha. "Mwakeye," nikamjibu. Tulishikana mikono. Watu tuliozaa pamoja, tulishikana mikono stendi.

Siku hiyo mambo yalikwenda upesi kuliko yote yaliyotangulia. Polisi alikagua, akasoma namba ya injini na ya fremu. Ofisini wakachukua vidole vyake, wakachapa. Ada ya usajili nikalipa, ya vibao nikalipa. Tulipopewa kadi, mume wangu alisoma jina lake pale, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Kisha akatoka nje akaweka mkono juu ya kiti cha pikipiki na kuuacha pale kwa muda. Nilimtazama kutoka mlangoni. Nikasema, ndiyo hii, amerudi.

Aliporudi ndani hakuja kwenye benchi nilipokaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya ofisa.

"Nataka kuihamisha," akasema. "Iandikwe kwa huyu mama. Mimi jioni nina basi."

Ofisa alishangaa. Alikuwa kijana wa heshima, amevaa tai. "Leo leo, mzee? Kadi haijapoa?"

"Leo leo. Sitapata nafasi nyingine."

"Sawa. Lakini hapa kuna njia mbili," ofisa akaeleza, akituangalia wote wawili. "Kama mnauziana, kuna ada ya kuhamisha na kuna ushuru wa stempu. Kama ni mtu na mkewe, anampa tu, tunaangalia namna nyingine, mama atapata nafuu. Kwa hiyo niambie, mzee, huyu ni nani yako?"

Nilisimama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa shati. Ilikuwa neno moja, na neno lenyewe halikuwa na gharama, lilikuwa hata linapunguza gharama. Mume wangu alitazama meza, akatazama mlango.

"Ni mtu wa kwetu," akasema.

Ofisa akainama akaandika mauzo. Akatoa namba ya malipo, akanipa mimi, maana ushuru ni wa mnunuzi. Nikafungua pochi, nikatoa hela yangu ya mawese, nikalipa ushuru wa kuuziwa pikipiki na mume wangu.